Hipnosi na tumbo lisilotulia

Nina IBS, ule ugonjwa wa utumbo wa maumivu na kuharisha au kufunga choo, mwaka wa tatu sasa. Dawa zinanituliza wiki mbili, kisha tumbo linaanza tena kunyonga. Hipnosi, ile tiba ya kutuliza akili na mwili kwa maneno, inasaidia kweli?

Inasaidia wengi. Mwaka 1984 Peter Whorwell na wenzake wa Manchester, Uingereza, walichapisha utafiti wa wagonjwa 30 wa IBS sugu. Waliopewa hipnosi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa tiba ya mazungumzo na vidonge visivyo na dawa ndani, vya kulinganishia. Tangu 2008 mwongozo wa NICE, taasisi ya huko inayotoa miongozo ya matibabu, unaitaja kwa mgonjwa ambaye dawa hazijamfaa baada ya miezi 12. Lakini ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu au maumivu yanakuamsha usiku, rudi hospitali kwanza. Tafadhali usicheleweshe hilo.

Nitalazwa usingizi?

Hapana. Unasikia kila neno, na ukitaka kufumbua macho unafumbua. Vikao huwa 7 hadi 12, kwa takriban miezi mitatu. Unakaa kitini, unakazia macho nukta moja, pumzi inashuka, misuli inalegezwa kuanzia usoni hadi vidole vya miguu. Kisha unaweka kiganja tumboni na kuelekezwa uhisi joto likipenya hadi kwenye utumbo. Mwenye kuharisha huongozwa kuuona mto wa kasi ukipungua mwendo. Aliyefunga choo, maji yaliyokwama yakianza kutiririka.

Wengi hukwamia nyumbani. Utapewa rekodi ya kusikiliza kila siku, na watu huiacha mapema kwa kuwa tumbo halijabadilika. Nafuu huja taratibu, kwa hiyo kila jioni andika maumivu yako kwa alama, 0 hadi 10. Bila daftari, siku moja mbaya inakusahaulisha sita nzuri.

Mdogo wangu anasikia sauti za watu wasiokuwepo. Nimpeleke?

Usimpeleke huko. Mpeleke kliniki ya afya ya akili. Hipnosi inaweza kumzidishia hali hiyo.

Kuna anayesema atanifukulia kumbukumbu za utotoni nilizozisahau.

Mkatae. Mtu akiwa kwenye hipnosi, akili hujaza mapengo yenyewe, na hutoka akiamini kwa dhati jambo ambalo halikutokea. Familia zimevunjika kwa hilo. Mtaalamu wa kweli ana taaluma ya afya kwanza, udaktari, uuguzi au saikolojia, ndipo akasomea hipnosi. Muulize hilo kabla ya kulipa, na akikwambia uache dawa zako za presha au kisukari, ondoka.