Kusajiliwa si kufundishwa: kwako unayeanza kuwatafutia shule watoto wenye ulemavu

Nilipoanza kazi hii Eastlands, mashariki mwa Nairobi, nilikuwa nikiingia ofisini kwa mwalimu mkuu na sheria mdomoni: Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya, inayohusu haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinachokataza shule kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu wake. Msichana mmoja mwenye mtindio wa ubongo akasajiliwa, nikaondoka nimefurahi. Muhula uliofuata nilimkuta nyuma kabisa ya darasa, daftari lake halina hata alama moja ya mwalimu. Mama yake alikuwa akijua. Alinyamaza, akihofia mtoto asije akarudishwa nyumbani. Hadi leo inaniuma.

Sheria ijue, utaihitaji. Ukiambiwa nafasi zimejaa, omba jibu hilo kwa maandishi. Lakini anayemfundisha mtoto ni mwalimu wa darasa, na huenda ana wanafunzi sitini mbele yake. Usimwendee kama mshtakiwa. Muulize, "Mwalimu, ni kipi kinachokutatiza?" Mwalimu wa msichana yule aliniambia kwamba mkono wa mtoto unatetemeka, hamalizi kunakili ya ubaoni, naye mwalimu hana muda wa kumsubiri. Ni hilo tu. Tukakubaliana ajibu hesabu kwa mdomo, na mwenzake amnakilie maelezo. Baada ya wiki chache mwalimu mwenyewe ndiye aliyenipigia simu, akifurahia majibu yake.

Kagua choo kabla ya kukagua darasa. Kiti cha magurudumu kisipopita mlangoni, mtoto atajinyima maji kutwa nzima ili asihitaji kwenda, na hatamwambia mtu. Darasa likiwa ghorofani, omba lihamishiwe chini. Kubadilishana vyumba hakugharimu kitu.

Ripoti ya tathmini ipatikane mapema, kwenye kituo cha EARC, yaani kituo cha tathmini na nyenzo za elimu, au kule KISE, Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, Kasarani. Mwombe anayempima mtoto aandike pia anayoyaweza, maana ripoti yenye mapungufu matupu hugeuka kuwa sababu ya kumkataa. Na mtihani wa kitaifa ukikaribia, hakikisha shule imemwombea muda wa ziada KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya.

Kuna jambo ambalo wenzangu wengine hawapendi nikilisema: usimsukume kila mtoto kwenye shule ya kawaida iliyo karibu. Mtoto kiziwi katika darasa ambalo hakuna anayejua lugha ya ishara yuko peke yake kutwa. Katiba yenyewe inataka ujumuishaji unaolingana na maslahi ya mhusika. Kwa mtoto kiziwi, pigania kwanza mwalimu anayejua lugha ya ishara.

Mtoto naye aulizwe. Mimi na mwalimu tulikuwa tumeshapanga msichana yule aketi mbele kabisa, karibu na ubao. Nilipomuuliza anataka kuketi wapi, alinyoosha kidole safu ya pili, kando ya rafiki yake.