Kabla hujanunua katriji ya koili: niliyojifunza katika baridi ya Mbeya

Julai ya kwanza niliyokaa na katriji ya koili, yaani kile kichwa kidogo kinachobeba sindano kwenye pleya ya santuri, hapa Uyole, santuri nilizozizoea zilianza kukwaruza kila mwimbaji alipopandisha sauti, hasa asubuhi na mapema. Nililaumu santuri, nikalaumu amplifaya, na nilikuwa nimekaribia kuiuza katriji yenyewe nilipotambua kwamba ikifika saa nane mchana, jua likiwa limekwisha kupasha chumba, mkwaruzo ule haupo tena. Tatizo lilikuwa baridi.

Ili jambo hili lieleweke, lazima tutazame ndani ya katriji. Almasi ndogo sana imebandikwa kwenye ncha ya kijiti chembamba, na upande wa pili wa kijiti hicho kuna koili za waya mwembamba zinazocheza katikati ya sumaku isiyosogea. Katriji za kawaida hufanya kinyume chake: sumaku ndiyo husogea na koili hutulia. Koili ikiwa nyepesi, sindano huufuata mfereji wa santuri kwa wepesi zaidi, na hapo ndipo unaposikia vidole vya mpiga gitaa vikigusa nyuzi. Lakini kijiti hicho hushikiliwa na kipande kidogo cha mpira, na mpira hukakamaa kwenye baridi. Ukikakamaa, sindano hushindwa kuufuata mfereji, sauti huharibika, na santuri huweza kuumia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa wenzangu wa Mbeya, Njombe na Makete ni kununua kipimajoto cha ukutani kabla ya kununua katriji. Subirini chumba kifike karibu na nyuzi joto 20 ndipo mshushe sindano. Msijaribu kutibu baridi kwa kuongeza uzito wa sindano, yaani inavyoikandamiza santuri, kupita kiwango cha mtengenezaji, wala msiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake ya sumu huua.

Mimi natumia Denon DL-103, katriji iliyobuniwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la NHK, na ambayo bado inatengenezwa. Si ya bei ya juu ukiilinganisha na zile za Koetsu au za daraja la juu za Ortofon ya Denmark, ambazo hufikia maelfu ya dola, lakini masharti yake ni yaleyale. Inataka uzito wa sindano wa gramu 2.5, na uzito huo haukisiwi kwa macho. Mizani nzuri niliipata kwa urahisi kwa kuwa Chunya iko jirani: wanunuzi wa dhahabu hutumia mizani midogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Hata hivyo, mizani niliyonunua ilikuwa na sahani ya chuma, nami sikujua sumaku ya katriji hizi ina nguvu kiasi gani. Nilikuwa nikishusha mkono wa pleya polepole, na zilipobaki milimita chache tu, sindano ilivutwa ghafla ikagonga sahani. Haikuvunjika, namshukuru Mungu, ila tangu siku hiyo naweka kibao chembamba cha mbao juu ya sahani, naisawazisha mizani isome sifuri, na nahakikisha sindano inatua kwenye kimo kilekile cha santuri. Bisibisi ya chuma nayo ni adui wa aina hiyohiyo; ishikwe mbali na ncha, na kifuniko cha sindano kibaki mahali pake hadi skrubu zimekazwa.

Nasisitiza hili kwa sababu katika katriji nyingi za koili sindano haibadilishwi nyumbani. Kwenye katriji ya kawaida unachomoa sindano iliyochoka na kuchomeka mpya, lakini hapa ikivunjika unaituma yote nje ya nchi kwa fundi, au unanunua nyingine.

Kuna pia suala la nguvu ya sauti. Muuzaji mmoja aliniambia kwamba amplifaya yoyote yenye tundu la santuri ingetosha, na hilo halikuwa kweli. Katriji yangu hutoa milivolti 0.3, wakati za kawaida hutoa kati ya 3 na 5. Nilipofungulia sauti hadi karibu mwisho nilisikia mvumo mwingi kuliko muziki. Dawa ilikuwa transfoma ndogo ya kupandisha mara kumi, ambayo huifikisha milivolti 3. Niliiweka mbali na transfoma ya umeme ya amplifaya na kuunga waya wa ardhi barabara, mvumo ukaisha.

Ukiniuliza ununue ipi, na kama santuri zako nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 za enzi za wazazi wetu, nitakuelekeza kwenye sindano ya ncha ya duara kama ya Denon yangu. Ncha nyembamba za bei kubwa huchota mengi zaidi kwenye santuri ambayo haijachakaa, lakini zinadai pembe sahihi kabisa, na kosa dogo la kufunga husikika mara moja. Fedha inayobaki nunua brashi nzuri ya santuri, maana vumbi letu la Septemba na Oktoba hukaa mferejini na kuisaga almasi. Mimi hupiga brashi kila upande kabla ya kushusha sindano, na mwezi Julai sianzi kabla ya saa sita mchana.