Kwa nini picha za ngoma ukumbini zina mistari myeusi?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha ngoma za Kigogo wilayani Chamwino. Hivi karibuni tulialikwa kwenye kongamano la utetezi wa sanaa katika ukumbi mmoja mjini Dodoma, ambapo wasanii waliwaeleza viongozi kwa nini shughuli za utamaduni zitengewe fedha. Nilipiga picha kwa kamera ya kikundi, kasi ya shata (pazia linaloruhusu mwanga uingie kwenye kamera) ikiwa 1/500 ya sekunde, na nilizima mlio wa kamera ili nisisumbue wazungumzaji. Kwenye kioo cha kamera picha zilionekana safi, lakini kwenye kompyuta nimekuta mistari myeusi imekatiza picha za akina mama wakipiga ngoma ya muheme, na sura za wazungumzaji zimekuwa giza. Je, kamera imeharibika? Tununue nyingine?

JIBU: Ndugu Katibu, kwa dalili ulizozieleza kamera yenu ni nzima, na fedha za kununua nyingine zibaki kwenye mfuko wa kikundi. Mistari hiyo imeletwa na taa za ukumbi zikikutana na mipangilio miwili uliyoichagua kwa nia njema kabisa.

Umeme wa gridi hapa nchini huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko nguvu yake hufika kileleni mara mbili, kwa hiyo taa nyingi za LED na za mirija huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho haliwahi kuliona jambo hilo, lakini kamera hulinasa. Ulipozima mlio, kamera iliacha shata ya mitambo na kutumia ya kielektroniki, ambayo katika kamera nyingi haichukui picha nzima kwa mkupuo mmoja, bali husoma kihisi, yaani kile kipande kinachonasa mwanga, mstari baada ya mstari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa kasi ya 1/500, kila mstari ulipata mwanga kwa moja ya tano tu ya mpigo mmoja wa taa. Mistari iliyosomwa taa ikiwa kileleni ilitoka angavu, na iliyosomwa taa ikiwa imefifia ndiyo hiyo myeusi unayoiona.

Dawa yake ni kurudisha shata ya mitambo na kushusha kasi hadi 1/100 au 1/50, ili kila mstari upate mpigo mmoja kamili wa taa, au miwili. Kutoka 1/500 hadi 1/100 mwanga unaoingia huongezeka mara tano, hivyo kama ulikuwa kwenye ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 6400 unaweza kushuka hadi kama 1250, na chengachenga zitapungua sana kwenye maeneo ya kivuli. Kuhusu mlio usiwe na wasiwasi: ngoma zitaufunika, na wakati wa hotuba unaweza kusubiri makofi.

Najua swali litakalofuata, kwa sababu na mimi lilinisumbua kwa muda mrefu: kwa 1/100, mikono ya mpiga muheme si itageuka ukungu juu ya ngozi ya ngoma? Itageuka, ukibonyeza mkono ukiwa njiani. Mtazame mama mmoja kwa makini, ngoma yake ikiwa kati ya mapaja. Mkono unapopanda hufika juu, ukatua kwa kitambo kidogo mno, kisha ukashuka kwa kishindo. Katika kituo hicho cha juu mwendo wake ni mdogo kabisa, na 1/100 mara nyingi hutosha kuonyesha vidole vyote. Sikiliza mapigo machache ya mwanzo bila kupiga picha, uushike mdundo, fokasi iwe tayari kwa kubonyeza kitufe nusu, kisha malizia kubonyeza mkono unapokaribia kileleni. Kamera huchelewa kidogo, kwa hiyo mtangulie. Hata ukikosea, chagua picha ambayo uso ni mkali na mkono una ukungu, kwa sababu viongozi mnaotaka kuwashawishi watautazama uso wa msanii kwanza.

Taa za rangi za jukwaani zina tabia nyingine. Nyingi hupunguzwa nguvu kwa kuwashwa na kuzimwa haraka mno, kwa kasi isiyolingana na ya umeme wa gridi, na 1/100 huenda isitoshe. Nenda mapema, mwombe fundi azipandishe hadi mwisho, piga picha ya jaribio, kisha ikuze kwenye kioo. Kioo kile kidogo ndicho kilichokudanganya, kwa maana mistari myembamba haionekani mpaka ukuze.

Sura kuwa giza ni suala la bango jeupe lililokuwa nyuma ya wazungumzaji, nadhani. Kamera ikiachiwa ipime yenyewe hutaka picha nzima iwe na mwanga wa wastani, kwa hiyo ikikuta weupe mwingi hupunguza mwanga, na ngozi nyeusi ndiyo inayoumia. Inaniuma kuona picha ambayo nembo za wafadhili zinasomeka zote, lakini uso wa mzee aliyeitunza ngoma hiyo maisha yake yote hautambuliki. Ongeza fidia ya mwanga, yaani mpangilio wa kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga, hadi +1, au pima mwanga usoni peke yake, na bango lipauke likitaka.

Ngoma ikichezwa nje, sheria ya 1/100 haipo, panda hadi 1/1000. Ila saa sita mchana jua la Dodoma huwa karibu utosini na macho hupotea kwenye vivuli. Omba onyesho liwe saa kumi.

Picha mlizonazo msizifute. Kama zilihifadhiwa kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera lisilobanwa kama JPEG, nyuso zinaweza kung'arishwa kwa kiasi kikubwa. Mistari ni migumu zaidi, lakini pale inapotofautiana kwa rangi kuliko kwa giza, kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe huificha vizuri. Mkizituma kwa WhatsApp kwa mtu wa kuzihariri, zitumeni kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, kwani programu hiyo huzibana na kupoteza kile hasa anachohitaji kukirekebisha.