Kumwombea usiyemjua

Dua zetu nyingi zina majina ya watu wa nyumbani. Mwanangu afaulu, mume wangu apate kazi, mama apone mguu. Si ubaya, asiyewaombea walio wake atamwombea nani? Ila jaribu kuzisikiliza dua zako mwenyewe kwa wiki moja. Zangu zilikuwa hazivuki ukuta wa ua. Leo nataka tuzungumze juu ya walio nje ya ukuta huo, mtu usiyemjua jina, hutakutana naye, na hata ukimwombea hatapata habari.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo, na naona mji wenyewe ulinifunza haya kabla ya ustadhi. Huku kila nyumba ina mtu aliyetoka na mashua, au ina jirani yake. Bibi yangu alipokwisha kuwaombea wajukuu aliongeza: “Na waliomo baharini, na waliomo njiani, na wasio na wa kuwaombea.” Nilipokuwa mdogo nilidhani hayo yametoka kitabuni. Baadaye nikaona kwamba kwetu wasio na wa kuwaombea si maneno ya hewani. Hapa ndipo misafara ya bara ilipokuwa ikiishia, na wapagazi na watumwa waliokufa huku walizikwa mbali na mama zao. Misheni ya Kikatoliki ilipoanza mwaka 1868 ilijenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Watu wa makabila mbalimbali, kila mmoja kapotezana na wa kwao. Na Sheikh Yahya bin Abdallah, tunayemwita Sheikh Ramiya, aliletwa mjini akiwa mtumwa mdogo kutoka pande za Kongo. Alipofariki mwaka 1931 alikuwa khalifa wa tarika ya Qadiriyya, na mpaka leo watu wanatoka mikoani kuja maulidini Bagamoyo na kumrehemu. Huyo alikuwa mtoto wa watu asiyejulikana.

Kuna kisa katika kitabu cha hadithi cha Imamu Bukhari, cha bedui aliyeomba Mungu amrehemu yeye na Muhammad, na asimrehemu mwingine yeyote pamoja nao. Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba amekibana kilicho kipana. Darasani tukisikia kisa hiki tunacheka. Lakini bedui yule alikuwa mkweli tu. Sisi tunaomba vilevile, ila kile kipande cha pili hatukitamki.

Sasa, kuwaombea wengine nako kuna mtego wake. Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inasema anayemwombea nduguye asiyekuwepo, malaika humwitikia kwamba naye apate mfano wake. Ni bishara njema na siitilii shaka. Matatizo ni sisi wapenda hesabu. Nimewasikia wenzangu wakipeana mbinu: unataka nyumba? Waombee nyumba wasio na nyumba! Hapo dua imekuwa mchezo wa upatu, unatoa huku jicho liko kwenye zamu yako. Dawa niliyoiona inanifaa ni kumwombea mtu kitu ambacho mimi sikihitaji. Sina mtoto gerezani, basi namwombea mama aliyepanga foleni getini na kikapu cha chakula, asiambiwe arudi kesho. Malaika akiniitikia, sijui hata nitapewa nini.

Na ile dua ya kumwona aliyepatwa na balaa, ya kumshukuru Mungu aliyekuepusha nalo? Imefundishwa, na wanazuoni wakasema isomwe kimoyomoyo, mwenye mtihani asiisikie. Lakini ile ni shukrani yako wewe. Yeye bado hujamwombea. Ukishasema Alhamdulillah, usigeuke ukaenda zako, sema na la kwake.

Linalowachosha wengi siku hizi ni simu. Hujanawa uso umeshaona Gaza, umeshaona Sudan, umeshaona basi limepinduka. Moyo mmoja haubebi yote hayo, ndiyo maana watu wanaishia kuandika “Poleni” na kupitisha kidole. “Mungu awasaidie wote wanaoteseka duniani” ni dua sahihi kabisa, ila mimi inaniteleza mdomoni kabla moyo haujafika. Kwa hiyo namchagua mmoja. Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang Desemba 3, 2023 likafunika nyumba za Katesh, nilimshika mtu mmoja tu katika dua: anayechimba kwa jembe akitafuta mlango wa nyumba yake. Meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, imejaza watu kupita uwezo wake, sisi wa ng'ambo hii tulikuwa tukiitazama bahari ileile. Nilimwombea aliyesimama pwani akisubiri kusomewa majina. Video za maiti sifungui. Hazijawahi kunisaidia kuomba, na marehemu hakutoa ruhusa.

Omba kitu kidogo unachoweza kukiona. Nilipokuwa namuuguza shangazi wodini, kitanda cha dirishani kilikuwa na mama ambaye saa ya kuona wagonjwa haji mtu. Sikujua anaumwa nini, na kuuliza si adabu. Nikawa naomba apate usingizi usiku ule, basi. Ukimwombea mtu usingizi huwezi tena kujifanya huoni kwamba hana shuka la kujifunika. Nikampelekea khanga yangu, asubuhi nikamimina uji vikombe viwili. Shangazi akanong'ona, “Mwanangu, hata kabila lake hulijui.” Tuliporuhusiwa kutoka yule mama alikuwa bado yupo, na mpaka leo sijui kama alipona. Hilo lilinisumbua, nikataka kurudi kuuliza. Halafu nikajihoji: nataka kujua kwa ajili yake, au nataka kuona dua yangu imefanya kazi? Dua ya mgeni haina risiti. Ukiizoea hali hiyo, utaomba bila kumpa Mungu tarehe ya mwisho.

Wengine huuliza, na asiye wa dini yangu? Mji huu misikiti na kanisa vinasikilizana, na samaki tunanunua soko moja. Kuhusu maiti asiye Mwislamu masheikh wana maneno yao, mimi sijitii ualimu. Aliye hai namwombea afya, riziki na uongofu, na uongofu ninaanza kujiombea mimi.

Jambo la mwisho ni magrupu ya WhatsApp. Maombi ya dua yamekuwa njia nzuri ya kutangaza maradhi ya watu: jina kamili, hospitali, ugonjwa, wakati mwingine na picha ana mpira puani. Kabla hujatuma, mwulize mgonjwa au aliye karibu naye. Kama huwezi kuuliza, andika “mgonjwa wetu” na usiongeze kitu, maana wanaoomba watamwombea hivyohivyo. Atakayekufuata pembeni kuuliza anaumwa nini, mwambie amsubiri apone amwulize mwenyewe.