Saraka si injini ya kutafuta: kwa mnaoanza kutengeneza tovuti Kigoma

Wadogo zangu, ombi mtakalolisikia kuliko yote ni hili: "Niingizie biashara yangu Google." Mwenye gesti Ujiji atalisema, muuza dagaa Kibirizi naye atalisema. Kabla ya kuitikia, muulizeni mteja anataka apatikane na nani, maana saraka (orodha ya tovuti iliyopangwa kwa mafungu) na injini ya kutafuta kama Google ni vitu viwili, na kila kimoja kina namna yake ya kukukubali.

Saraka hupangwa na watu. Mhariri anafungua tovuti yako, anaisoma, anaamua iwekwe wapi: Tanzania, Kigoma, malazi. Yahoo ilianza hivyo mwaka 1994, pale Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Stanford, walipokusanya anwani za tovuti na kuzipanga kwa mafungu. Mwaka 1998 ikaja DMOZ, iliyohaririwa na watu wa kujitolea. Tovuti zikaongezeka kuliko macho ya wahariri. Saraka ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014, DMOZ ikafuata Machi 2017.

Kwenye injini hakuna mtu wa kumbembeleza. Programu inafuata viungo, yaani link, kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine na kuyahifadhi maneno kwenye faharasa, yaani orodha ya maneno na kurasa yalimo. Mtu akiuliza, injini haizunguki mtandao saa ile; inatazama faharasa yake, kisha inapanga majibu. Google ya Larry Page na Sergey Brin ilijijengea jina kwa kupima pia viungo: ukurasa unaoelekezewa na kurasa nyingine zenye uzito hupanda.

Sasa lililo muhimu kwa kazi yenu. Saraka huorodhesha tovuti nzima kwa mstari mmoja au miwili, injini hushika kila ukurasa peke yake. Muuza dagaa wetu kwenye saraka ni "biashara ya samaki, Kigoma", basi. Lakini mama lishe wa Dar anaandika "bei ya dagaa wa Kigoma jumla", na atakayempata ni yule mwenye ukurasa unaolisema jambo hilo waziwazi.

Hapo ndipo bango linapotuponza. Wateja wanapenda picha moja yenye dagaa, migebuka, bei na namba ya simu, vyote ndani ya picha. Kwa WhatsApp inapendeza. Ukiifanya ndiyo ukurasa wa kwanza, umeinyima injini maneno ya kushika. Yaandike yote upya kama maandishi: bei ya kilo, bei ya gunia, mnatuma kwa basi gani, mzigo unafika lini. Kichwa cha ukurasa nacho kisiwe "Karibu", maana hakuna anayetafuta karibu. Andika "Dagaa wa Kigoma kwa jumla, Kibirizi".

Msizidharau saraka lakini. Mgeni anayekwenda Gombe kuona sokwe hajui jina la gesti hata moja, na orodha ya malazi ndiyo inayomfaa. Hata biashara unazoziona kwenye ramani za Google zina tabia ya saraka: mwenyewe anajaza jina, aina ya biashara, saa za kufungua. Chagueni fungu kwa uaminifu. Gesti iliyo karibu na kumbukumbu ya Livingstone inabaki kuwa malazi, haigeuki historia. Na maelezo ya "bora kuliko zote" mhariri huyafuta bila huruma, nami namuunga mkono.

Akija mtu kuuza huduma ya kumwandikisha mteja wako kwenye saraka mia tano kwa mkupuo, mkataeni. Viungo vya saraka hafifu Google inavihesabu kuwa ujanja wa kupandia nafasi.

Mteja akibadilisha namba ya simu, rekebisha tovuti na injini itarudi kuisoma yenyewe. Saraka itaendelea kutangaza namba iliyokufa mpaka uombe ibadilishwe, kwa hiyo wekeni daftari la kila mahali mlipoandikisha.

Kujua kama Google imeshaichukua tovuti, andika kwenye kisanduku chake "site:" ukifuatisha anwani ya tovuti bila kuacha nafasi. Usipoona kitu baada ya wiki kadhaa, na tovuti imejengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ingia kwenye mipangilio ya usomaji (Settings, kisha Reading). Kuna kisanduku cha kuzizuia injini, ambacho mafundi wengi hukiwekea tiki wakati wa kujenga, kisha wanamkabidhi mteja kazi bila kuitoa.