Barua kwa mwanangu: tajiri wa kitani na kiti cha baraza

Mwanangu Zawadi,

Umeniuliza iweje kule St. Gallen, Uswisi, miaka ya 1500 na 1600, tajiri wa nguo awe pia diwani, hata meya, na upendeleo usiuangushe mji. Jibu limo ndani ya jora lenyewe.

Jora la kitani lilipotoka kwa mfumaji lililetwa mjini likiwa bichi, kukaguliwa. Wakaguzi wa mji walilikunjua lote, wakalipima, wakatazama uzi: mtande (nyuzi za urefu) usiolingana, mshindio (nyuzi za upana) uliobanwa kwenye ncha na kulegezwa katikati ili kudanganya jicho. Lililo bora lilipigwa chapa ya G, likaenda kupaushwa, yaani kufanywa jeupe. Hafifu lilitiwa rangi, maana rangi husitiri. Bovu lilikatwa. Mfumaji aliumia hapo, nami namwonea huruma, lakini maumivu hayo ndiyo yaliyoifanya G iaminike.

Kupausha kulikuwa kazi ya miezi, tena msimu wa joto tu. Nguo iliiva kwenye maji ya majivu ya kuni, ikatandazwa kwenye majani nje ya mji, ikanyunyiziwa maji juani, ikarudishwa kwenye majivu, mara nyingi. Mwisho ikachovywa katika maziwa yaliyochacha ili kuua makali ya majivu. Aliyekuwa na haraka alikoleza majivu. Nguo iling'aa upesi, lakini nyuzi zilikuwa zimelika, na ikifuliwa hupasuka. Ndiyo maana ilikaguliwa tena baada ya kupaushwa. Muda wote huo fedha za tajiri zililala majanini.

Kisha marobota yalikwenda Nuremberg, Ujerumani, au Lyon, Ufaransa, penye magulio manne kwa mwaka, ambako Waswisi walikuwa na nafuu ya ushuru baada ya amani ya 1516 na Ufaransa. Mnunuzi wa mbali hakumjua mfumaji, aliijua chapa. Diwani aliyelegeza ukaguzi alikuwa anaiharibu mali yake mwenyewe.

Tena hakuketi peke yake. Baraza dogo lilikuwa na watu 24: mameya 3, madiwani 9 na wakuu 12 wa vyama sita vya mafundi, wafumaji wakiwemo. Wakiongezwa wengine 11 wa kila chama, baraza kubwa lilifika 90. Meya alitawala mwaka mmoja, wa pili akawa meya aliyemaliza zamu, wa tatu akasimamia kesi za damu, yaani zenye hukumu ya kifo, ndipo zamu ikamrudia. Joachim von Watt, aitwaye Vadian, daktari wa ukoo wa wafanyabiashara wa kitani, aliingia umeya mwaka 1526 na kuzunguka katika vyeo hivyo hadi kifo chake mwaka 1551.

Siwasifu kupita kiasi. Wasokotaji na wafumaji wa vijijini hawakuwa raia wa mji. Jora lao lilihukumiwa na baraza wasilolichagua. Mwaka 1667 Trogen, huko jimbo jirani la Appenzell Ausserrhoden, ilifungua ukaguzi wake yenyewe, na ukoo wa Zellweger, matajiri wa kitani wa hapo hapo, ukaja kutoa wakuu wa jimbo.

Wasalaam,
Mama yako