Kabla hujalipia kozi, nenda ukakae na wanaofanya kazi

Juzi kati nimepata meseji ya dada mmoja wa Majengo, Moshi. Ndefu, nafupisha: kamaliza kidato cha nne, anachora (katuma picha, na kweli anachora), mama yake kapata hela ya kikoba anataka kumlipia kozi ya dizaini, sasa anauliza, "Kaka, nianze na programu gani?" Nimekaa na meseji hiyo siku tatu, maana swali hilo hilo mimi nililiuliza miaka nane iliyopita na jibu nililopewa lilinitia hasara.

Mi nilianza na programu. Miezi sita darasani hapa Arusha mjini, nikatoka najua kukata picha, kuweka vivuli, kung'arisha maandishi, nikajiona dizaina kamili. Kazi yangu ya kwanza ya maana ikawa kadi za harusi, mialiko 250, kamati imechagua bluu ile ya kuwaka. Kwenye kompyuta ikawaka kweli kweli. Nikapeleka kuprinti, nikaenda kuchukua boksi, kufungua hivi, zambarau. Siyo bluu iliyofifia, zambarau kabisa. Mwenyekiti wa kamati alishika kadi moja, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele, akaniambia taratibu, "Kijana, sare za watu zimeshashonwa." Nililipa ile hela mwenyewe, simu nikauza, nyingine nikakopa kwa shangazi, na mpaka leo nikikaribia nyumba ile navuka barabara.

Aliyenieleza kosa langu siyo mwalimu. Ni fundi wa mashine pale pale nilipoprintia, hajasoma chuo chochote. Kioo cha kompyuta kinatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu, ila mashine inatumia wino wa rangi nne, samawati, majenta, njano na nyeusi. Ile bluu ya mwanga haina wino wake, mashine inaitafuta kwa kuchanganya samawati na majenta, majenta ikizidi ndo unaangukia zambarau. Darasani hizo RGB, yaani rangi za mwanga, na CMYK, rangi za wino, tulitajiwa dakika tano, tukaandika kwenye daftari tukafaulu mtihani. Yule fundi alivuta droo akatoa vipande vya kadi alivyoprinti mwenyewe, kila rangi na namba zake kwa peni, akaniambia ungeniomba jaribio la kadi moja tu ungeyaona haya mapema. Kadi moja! Bei ya soda.

Siku ile niliumia sana lakini ndo siku niliyoanza shule.

Nikaanza kuzunguka. Ngarenaro kulikuwa na mzee anaandika mabango kwa mkono, nikamwamkia nikamwambia mzee wangu nataka kujifunza, hakuniuliza cheti, akanipa kopo la tapentaini na brashi za kuosha. Nimeosha brashi wiki mbili. Wiki ya tatu tukaenda kuandika neno HOTELI kwenye ukuta wa mama mmoja anayepika mtori na chapati. Mzee akapaka chaki kwenye kamba, mi nimeshika huku yeye kashika kule, akaivuta akaiachia, pa, mstari wa juu, pa, mstari wa chini. H ikakaa miguu yake sawasawa kwenye mstari. Kufika kwenye O akaichomoza juu kidogo na chini kidogo, kama unene wa njiti ya kiberiti. Nikamwambia, mzee, imezidi. Hakubisha, akachukua tambara akaifuta yote, akaiandika tena ikiwa ndani ya mistari kama nilivyotaka, halafu akasema, "Haya mwanangu, vuka barabara ukaitazame."

Nikavuka. O ilikuwa imesinyaa. Kila herufi imesimama, yenyewe kama imeshuka shimoni. Niliporudi akanieleza kwamba jicho linaipunja duara, usipoiongezea kidogo itaonekana ndogo kuliko wenzake. Nimekuja kugundua hata fonti za kwenye kompyuta zimechorwa hivyo hivyo, miezi sita yote nazitumia sikuwahi kuliona hilo.

Mzee huyo ndo alinipigia stori ya Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar mwaka 1968, kwenye mbao nyembamba za hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli, mwaka 1972 akafariki. Miaka minne tu jamani! Ila alikuwa amekalisha vijana pembeni yake, wengine ndugu zake, wakaendelea, na leo ukipita pale Maasai Market hapa Arusha zile picha zimening'inia mpaka unachoka kuhesabu. Walijifunza kwa kukaa karibu na mtu anayefanya.

Kuhusu hela nilifundishwa na mama mmoja wa batiki huko Moshi. Nilimwendea nikiwa na donge rohoni, mwenye hoteli moja ya kitalii alinichoresha logo aina tano, akasema hazijampendeza, baada ya miezi miwili naiona moja getini kwake. Sikulipwa hata mia, na inaniuma mpaka leo. Yule mama hakunipa pole. Akafungua kaunta buku lake, kila oda ina tarehe, nta kilo ngapi, dawa ya rangi, siku alizotumia, advansi, na sahihi ya mteja. Akaniuliza, "Wewe zile siku zako uliziandika wapi?" Sikuwa na jibu. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, wapo, lakini unaendaje kudai kazi ambayo hata tarehe yake hujaiandika?

Kwa hiyo vijana wenzangu, nendeni mkakae na watu wanaofanya kazi. Usiende kuuliza "nifanyeje nifanikiwe", utajibiwa omba Mungu na ujitume. Uliza hii umetoza bei gani, imekula siku ngapi, naomba unionyeshe iliyoharibika. Mtu akikuonyesha iliyoharibika, shika hapo hapo usitoke. Usiende mikono mitupu, na usiende msimu wa harusi wa Desemba watu hawajalala. Osha brashi. Kozi siikatai, na mimi nilirudi kusoma baadaye, ila nilirudi nikijua nakosa nini.

Wiki iliyopita nimekabidhi mifuko ya kahawa ya kikundi cha wakulima wa huko juu Kilimanjaro. Niliprinti mmoja kwanza, nikautoa nje juani, nikapunguza njano kidogo, ndo nikaruhusu mashine ipige yote. Kijani kimebaki kijani. Nimelipwa nusu kabla na nusu siku ya kuchukua, na sahihi ipo kwenye kaunta buku langu.

Mdogo wangu wa Majengo, hela ya mama naomba ibaki kwenye kikoba kwanza. Yule mama wa batiki nimeshaongea naye, Jumatano asubuhi anayeyusha nta, anakusubiri. Vaa nguo za zamani, na mwambie akuonyeshe kitambaa kilichoungua.